Ilario Sigot na Ugali Chini ya Lori

Ndugu Ilario Sigot amestaafu rasmi tarehe 30 Aprili 2010, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya malori hapa Oulx kwa miaka thelathini na saba. Alikabidhi funguo mchana, akapewa saa ya ukutani, akapigiwa makofi mpaka mbwa wa bohari akaanza kubweka. Zamu yangu ikifika, nadhani mimi nitapewa kalamu.

Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa, kati ya tuliobaki, mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Wangeniuliza kwanza kama nampenda. Nampenda, lakini namwonea wivu tangu siku ya kwanza nilipomwona akirudisha trela kinyumenyume bohari, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kikombe cha kahawa, na kahawa haikumwagika. Wivu huo haujapungua kwa umri. Msomaji asome akijua hivyo.

Ilario ni mtoto wa Exilles, mwana wa mchonga mawe. Alijiunga nasi mwaka 1973, enzi ambazo lori la kwenda Ufaransa lilipanda milima kwa nguvu zake lenyewe na za dereva. Njia yake ilikuwa Monginevro: unatoka Cesana, unapanda kona kwa kona hadi Claviere, unavuka mpaka wa Italia na Ufaransa, unashuka Briançon, halafu ukiwa na bahati njia ya juu ya Lautaret haijazibwa na theluji na unafika Grenoble na mzigo mzima. Alibeba machungwa, marumaru, mashine za kufulia, na safari moja alibeba kengele ya kanisa iliyolia kila kona hadi wenye ng'ombe wakatoka nje kutazama. Handaki la Fréjus lilipofunguliwa mwaka 1980, wenzake wengi walihamia huko kwa furaha. Yeye alipita siku alizolazimishwa tu. Alisema hakuwa mdudu, na mlima kwake ulikuwa wa kupanda, si wa kutoboa.

Ajali: hana. Faini za polisi wa Ufaransa, ambao huwa hawamsamehe hata padri: hana. Kioo cha pembeni, ambacho kila mmoja wetu amekiacha kwenye ukuta fulani pale Claviere: chake kiko mahali pake. Nywele pia anazo zote. Sijui nywele zinahusiana vipi na utumishi, lakini nimeona niziandike.

Mimi nilipewa mchele. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutoa mchele Vercelli na kuupeleka Torino, nchi tambarare kama meza, ukungu mbele, ukungu nyuma. Mtu akirudi kutoka Monginevro watu humvutia kiti na kumuuliza, "Enhe, huko juu vipi?" Mtu akirudi kutoka Vercelli huulizwa kama amekumbuka kufunga geti.

Kwa hiyo mlimani nina siku moja tu ya kujivunia, na siku hiyo, kwa hesabu zangu, Ilario aliichukua.

Ilikuwa Januari 1979, majira yangu ya pili ya baridi kazini. Tulikuwa na malori mawili ya machungwa kutoka Calabria kwenda Grenoble, yeye mbele, mimi nyuma. Tulijaza dizeli kulekule kusini kwa sababu kulikuwa na jua na hatukuwa na akili. Dizeli ya kusini haijui baridi. Kila dereva wa mlimani anajua hivyo, na kila dereva wa mlimani amewahi kujisahau mara moja. Tulipovuka Cesana na kuanza kona, ikaganda kwenye tenki kama samli. Lori la Ilario likakohoa, likakohoa tena, likazima katikati ya kona, limeelekeza pua juu, barafu chini yake na msururu wa magari nyuma yetu. Langu, kwa bahati tu, lilikuwa bado linaunguruma. Pembeni hapakuwa na ukuta. Palikuwa na hewa tu.

Breki zilikuwa za kizamani na upepo wake ulikuwa ukivuja. Tuliweka mawe nyuma ya matairi, lakini mawe juu ya barafu ni ya kukutuliza moyo tu. Ilario ikabidi abaki ndani amekanyaga breki. Mimi nilikimbia hadi mgahawa wa Ortensia, ulio kona moja chini, nikitafuta maji ya moto. Maji yangeganda njiani. Jikoni nikakuta sufuria ya polenta, ugali wa mchana wa wasafiri wote, umeiva na unafuka moshi. Ugali hautunzi siri lakini unatunza joto. Niliuchukua na sufuria yake, na chupa ya mafuta ya taa ya kuyeyushia dizeli, nikarudi, nikalala chali chini ya kabini, nikalikanda chujio la dizeli na bomba lake kwa ugali uliofungwa kwenye aproni ya Ortensia, kama unavyomkanda mtu anayeumwa mgongo. Lori likiwa juu ya kifua changu. Baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, injini ikawaka. Kwenye mteremko wa namna ile ikiwaka husimami kushukuru: Ilario aliondoka moja kwa moja hadi juu mpakani, na ugali wake umefungwa palepale. Mimi nilibaki kwenye msururu nikijipangusa.

Nilipofika Briançon jioni, watu walikuwa tayari wamemzunguka na walikuwa wakimwita Polenta. Jina likamganda. Kuanzia Susa hadi Grenoble ukisema Ilario watakuuliza Ilario yupi, ukisema Polenta wanakuletea kahawa. Nililipokeaje? Kama mtu aliyeona koti lake limevaliwa na mwingine, na linamkaa vizuri zaidi.

Tangu hapo, madereva wanapokutana kwa Ortensia siku za Jumapili, haipiti Jumapili bila mtu kusema, "Polenta, hebu tupe ile ya Calabria." Ilario hufuta midomo, husogeza glasi, huanza: "Basi, jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa mjinga..." Hapo mimi husimama na kwenda kuangalia matairi yangu. Mchele wangu uko bohari, gari nililokuja nalo ni dogo la nyumbani, lakini mimi hwenda tu kuangalia matairi. Nikiwa nje huwasikia wakicheka, kisha kimya, kisha makofi. Nikirudi hunipiga mabegani. Tullio, ambaye ana mkono kama jembe, hunipiga zaidi ya wote. Nilijua wananidhihaki. Ortensia naye hunipa kipande cha kwanza cha polenta, chenye jibini nene kuliko ya mtu yeyote. Nilijua ananihurumia.

Ofisi iliponipa kazi hii, niliona Mungu amenikumbuka. Nilitaka kitu kimoja tu kabla Ilario hajaondoka: ijulikane ni nani aliyelala chini ya lori. Niliandika wasifu mkali, uliomtaja mstaafu mara nne na mimi mara kumi na moja. Ungekuwa mkononi mwenu sasa kama si chakula cha kumuaga kwa Ortensia, Jumapili ya tarehe 2 Mei.

Waliniketisha kando ya Ilario, mgongo ukutani. Upande wangu mwingine alikaa Tullio, na Tullio akikaa hakuna njia. Tulikula, watu wakakumbushana: nani alishuka Lautaret na minyororo ya matairi, ile ya kukamata theluji, ikiwa bado imefungwa hadi jijini, nani alilala siku mbili Claviere na shehena ya samaki. Kisha sauti ikatoka meza ya mwisho, "Polenta, ya Calabria! Ya mwisho, bwana!"

Nikasimama. "Naenda kuangalia matairi."

"Leo huchomoki," Tullio akasema bila kuacha kutafuna. "Matairi hayajatoroka. Kaa, we mzee."

"Tullio, nipishe."

"Nikipisha meza itaanguka. Kaa!"

Nikakaa. Ilario akafuta midomo, akasogeza glasi.

"Basi, jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa mjinga. Huyu Remigio alinishauri, 'Kaka, tujaze nusu tu, nusu tutajazia Torino.' Nikamwambia, 'Kijana, unanifundisha kazi?'"

Niligeuka kumtazama. Sikuwahi kumshauri chochote. Nilikuwa mjinga sawasawa na yeye.

"Likazima. Mimi niko juu, nimekanyaga breki, mguu unatetemeka kama cherehani. Nalia, jamani, sioni haya kusema, nalia na kuita watakatifu kwa majina na nikawasahau nusu yao. Huyu akapotea. Nikasema, ana haki, ana mama, aende. Mara namwona anapanda kilima amebeba sufuria!"

"Niulizeni mimi!" Ortensia akapaza sauti kutoka jikoni. Ana zaidi ya miaka themanini lakini sauti yake haijastaafu. "Aliingia mweupe kama chokaa. 'Mama, nipe ugali.' Nikamwambia, 'Keti kwanza, utakula na nani?' Akasema, 'Na lori!'"

Chumba kizima kikacheka. Waliokuwa wageni walicheka kwa mshangao, na wenyeji walicheka sekunde moja kabla, kwa sababu walilijua neno linalokuja. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kuwa hawakuwa wakilisikia kwa mara ya kwanza.

"Akaingia chini," Ilario akaendelea, sasa polepole. "Tani zote zile juu yake, na kati yake na kaburi kuna mguu wangu tu, mguu wa mtu anayelia. Nikampigia kelele, 'Remigio, toka huko! Lori likiteleza nitamwambia nini mama yako?' Na mnajua alinijibu nini?"

Chumba chote, kuanzia Tullio hadi Ortensia, kikajibu kwa pamoja:

"Mwambie nimekufa nikipika!"

Wakapiga meza. Wakapiga makofi. Tullio akanipiga begani.

Sikumbuki kusema maneno hayo. Nadhani nilisema jambo jingine, lenye matusi ndani yake, na meno yalikuwa yakigongana hivi kwamba lisingeeleweka. Nilimwuliza Tullio kwa sauti ya chini, "Huwa anaisimulia hivi siku zote?"

"Hivi hivi. Kwani ulidhani vipi?"

"Na mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, nawe ulikuwepo? Kila akianza unatoka nje. Ilario alisema tukuache, hupendi kusifiwa, unaona haya."

"Na jina la Polenta? Kwa nini yeye?"

Tullio akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao. "Kwa sababu aliula! Alipofika mpakani, ofisa wa forodha akaona aproni imefungwa kwenye bomba, akauliza ni bidhaa gani, mbona haimo kwenye hati. Ilario akasema ni chakula. Ofisa akasema thibitisha. Akaula wote, dizeli na kila kitu, mbele ya walinzi wawili. Aliumwa tumbo hadi Grenoble. Hii ndiyo sehemu ya mwisho, bwana, ndiyo tamu kuliko zote, subiri anakuja nayo."

Akaja nayo. Ni tamu kweli. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko.

Sasa msomaji atadhani wivu umeniisha. Umeongezeka. Zamani nilimwonea wivu kwa kuwa ana njia nzuri, mkono mzuri na nywele. Leo namwonea wivu kwa kuwa ana Remigio mzuri kuliko mimi: kijana mwenye busara, asiyeogopa, anayejibu kwa mzaha akiwa chini ya mauti. Mimi niliyekuwa pale nilikuwa nimelowa, nimeungua viganja, nikimwapiza yeye na Calabria yake. Baada ya kahawa walinitaka nijaribu kuisimulia mwenyewe, maana msimulizi wake anaondoka. Nikaanza. Nilipofika kwenye chujio nilieleza chujio. Nilipofika kwenye bomba nilieleza bomba. Tullio akaomba mkate. Ortensia akauliza nani hajapata jibini. Ilario peke yake ndiye aliyesikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, kama vile hajawahi kuisikia.

Kampuni inamshukuru Ndugu Sigot kwa mizigo aliyoifikisha, kwa madereva aliowafundisha kufunga minyororo kwa mikono iliyokufa ganzi, na kwa kulifanya jina letu liheshimiwe pande zote mbili za mpaka. Tunamtakia yeye na mkewe Nives afya, kuni kavu, na bustani isiyopata umande wa barafu.

Kwa upande wangu, Ilario, pumzika upendavyo, lakini Jumapili uje. Kwa miaka thelathini na moja umenilaza chini ya lori lile mbele ya watu, ukanipa maneno ya ushujaa ambayo sikuyasema, na mimi nilikuwa nje nikipiga mateke matairi. Njoo uanze upya, tangu lile jua kali. Mimi sitoki tena.

Remigio Favro, dereva