Maneno ya Kumuaga Marit wa Kliniki ya Meno

Mheshimiwa Meya wa Duluth. Mwenyekiti wa Bodi, Mama Lorna Bergstad. Madaktari na wauguzi. Wagonjwa wenzangu, mnaotafuna na mnaosubiri kutafuna. Nawe Marit Sundvall, tuliyekuja kukuaga, uliyekatazwa kulia kabla sijamaliza: hamjambo? Nasikia midomo iliyofumbwa. Hamjambo, jamani! Ahaa, sasa nayaona meno.

Mimi ni Orville Kettunen, mpishi mstaafu wa meli za madini. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa, nami nimeahidi kusema machache. Mke wangu anacheka, ananijua.

Ndugu zangu, nani hapa asiyekumbuka kiangazi kile kliniki yetu ya bure ilipobakiwa na daktari mmoja, naye yuko mbioni kustaafu? Foleni ilitoka klinikini, kwenye chumba cha chini ya kanisa, mpaka barabarani. Bila madaktari wa kujitolea, tungefunga milango. Marit, afisa wetu wa mawasiliano, akaambiwa: watangazie watu, au tufungashe virago.

Bodi ikamleta mtaalamu wa matangazo kutoka Chicago, bwana mmoja nadhifu, viatu vinang'aa. Akanikalisha dirishani anipige picha ya tangazo. "Mzee Orville, huzunika kidogo. Fikiria miaka uliyokaa kibogoyo."

Nikajaribu, haki ya Mungu. Lakini nilikuwa nimevalishwa meno mapya asubuhi ile ile! Utahuzunikaje una meno mapya? Kila nikikunja uso, kicheko kinanitoka puani. Bwana yule akachoka. "Basi yatoe."

Hapo Marit akasimama. "Hayatoi ng'o! Mzee, wewe mwenyewe ungependa watu wakuone vipi?"

"Nikila hindi kwenye maonyesho," nikasema. "Nikiliguguna mpaka gunzi."

Bodi ikaguna. Marit akasema, "Nipeni Jumamosi moja tu."

Basi tukaenda. Siagi ya hindi inachuruzika mpaka viwikoni, watu wamenizunguka, Marit anarekodi. Nikauma kwa nguvu zangu zote, nikavuta. Hindi likatoka. Meno nayo yakatoka! Yameling'ang'ania hindi, yanameremeta siagi, nami nimebaki na fizi zangu na mshangao. Nilicheka mpaka nikaketi nyasini. Marit naye kamera inamtetemeka.

"Kipande hicho nitakikata, Mzee," akasema huku akifuta machozi.

"Ukikikata, sikusemeshi tena!"

Hakukikata. Akaiweka filamu ile mtandaoni, na chini yake akaandika: "Tunahitaji madaktari wa meno. Mmeona wenyewe kwa nini."

Jumatatu simu ikalia. Ni Daktari Pahoua Vang wa mji wa St. Paul, amewaka moto. "Nani ameyapima meno yale? Ni aibu kwa kazi yetu! Mwambieni yule mzee asiguse kitu kigumu, nakuja mwenyewe!"

Akaja. Akanikemea mimi, akamkemea Marit, akalikemea na hindi. Hajaondoka mpaka leo; yule pale, anayejificha nyuma ya keki. Mpigieni makofi! Na wenzake wakafuata, kila mmoja akiapa kwamba yeye angeyashikisha vizuri zaidi. Mabingwa kugombea fizi zangu! Nani aliwahi kupata heshima kama hiyo?

Sasa mtaniuliza, sifa ya Marit ni kuchekesha watu? La. Jumanne iliyopita mama mmoja alivalishwa meno yake, akajitazama kwenye kioo, akashindwa kusema. Uso wake, ndugu zangu! Sote tuliokuwapo tulijua kwamba picha hiyo ingevuma nchi nzima. Marit akamuuliza taratibu, "Mama, nikupige picha?"

Mama akatikisa kichwa kukataa.

Marit akaifunika kamera, akavuta kiti, akaketi naye, wakashikana mikono mpaka mama yule alipoweza kusema tena. Picha ile haipo popote. Meno anayo.

Marit, kwa niaba yetu sote, ahsante sana. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunivumilia.