Picha ya Leonia na Mapovu ya Sabuni

Baba Padre, shemeji Apolinaria, majirani wa Ipuli, nanyi ndugu mliofika kutoka Ipole, mimi ni Raymundi, mdogo wake marehemu, na wazee wameniagiza nisome kwa ufupi, agizo ambalo nawaomba radhi mapema, sitalitimiza.

Kaka yetu Wenceslaus Kashindye alizaliwa Ipole tarehe 14 Septemba 1908, mtoto wa kwanza wa mzee wetu aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani kabla hajatulia na mizinga yake ya nyuki, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1917 hadi 1923, na mwaka 1925 akaajiriwa hapa mjini na Mhindi mpiga picha, mtaa wa sokoni, ambako alijifunza kusafisha picha kwenye chumba cha giza, na Mhindi yule aliporudi kwao mwaka 1936, kaka akabaki na kamera na wateja. Tarehe 26 Novemba 1932 alifunga ndoa na shemeji, wakajaliwa Nikolaus na Marcelina, hawa mnaowaona, na nyumbani Ipuli akaongeza chumba chenye dirisha moja pana la mashariki, hapo ndipo alipopigia picha hadi mwisho.

Wateja wa siku zile mnawakumbuka, kwa sababu ndio ninyi, mtu anasimama kama mlingoti, mikono imebana mapaja, na akiletewa picha isiyoonyesha viatu anauliza miguu yake imepelekwa wapi. Kaka aliwatii, ila nyumbani alilalamika kwamba watu wanaingia kwake wakiwa hai na kutoka kwenye karatasi kama waliokwisha kuzikwa, nasi tukimcheka.

Mwaka 1940 niliingia jeshi la Mwingereza, Keya, nikamwacha mke wangu Josepha mjamzito, Leonia akazaliwa Machi 1941 nisimwone, na mwanzoni mwa mwaka 1944 tukiwa kisiwani Seilani, karibu na Uhindi, mwenzangu Justus aliyetoka likizo kwao Ziba akaniambia surua imepita Tabora na kuzoa watoto. Barua za nyumbani zilisema wote wazima, lakini mimi ni mtu wa hapa, najua tunavyofanya, aliye mbali haandikiwi msiba, anaandikiwa kwamba hakuna neno, mpaka arudi, alishwe kwanza, ndipo aambiwe, kwa hiyo kila barua njema ilinizidishia hofu. Nikaomba picha. Kaka akampiga Leonia ameketi, gauni jeupe, mikono mapajani, na mtoto katika kupepesa akafumba macho, Josepha kwa haraka ya posta akaituma hivyohivyo, nami nilipoifungua nikaona maiti ya mwanangu iliyopambwa. Nililia, siku tatu sikula, nikaandika kwamba basi, wasinifiche tena, waniambie tu kaburi liko wapi.

Barua hiyo ilimuumiza kaka kuliko tusi, maana kazi ya mikono yake ndiyo iliyomzika mtoto machoni pangu, akamwambia shemeji kwamba hatampokea mteja mwingine mpaka apate picha ambayo hakuna wa kuibishia. Jumamosi tarehe 12 Agosti 1944, saa tatu asubuhi, alitundika kaniki ukutani, kwa kuwa povu halionekani mbele ya ukuta mweupe, akafunika dirisha kwa kitambaa cha marekani ili jua liingie kwa upole, akamgeuza Leonia ubavu kuelekea mwanga, upande wa pili akamsimamisha Josepha na shuka jeupe ili shavu lisiingie giza, akachanganya maji ya sabuni na asali ya Ipole ili povu lisipasuke upesi, kisha akampa mtoto kikonyo cha jani la mpapai apulizie. Shemeji alipinga, kwamba mtoto wa kutazama pembeni ataonekana ana jicho moja, na miguu haimo, kaka akamjibu kwamba Raymundi haulizi miguu, anauliza pumzi. Leonia naye alionja, akakuta tamu, akawa anayanywa maji badala ya kuyapuliza, tumbo likamwendesha mpaka Jumatatu, ingawa mwenyewe yupo hapa na atakanusha. Picha tano ziliharibika, ya sita ikatoka, shavu limejaa, nywele zimeshika mwanga, povu kubwa kama chungwa liko kwenye ncha ya kikonyo, na ndani yake, ukitazama vizuri, unaliona dirisha.

Ilinikuta Burma mwezi Desemba, kwenye matope, nikalitazama shavu lile nikajua hakuna mfu anayepuliza, nikaomba chakula, nikala mara mbili. Baada ya vita kila mama wa Tabora alitaka mapovu, hata mababu wawili watatu, nao kaka aliwapiga kwa furaha.

Kifua kilimwanza Februari mwaka huu wa 1961, akalazwa, Septemba akarudishwa nyumbani. Wazee walishauri Leonia, anayesomea uuguzi Mwanza, aandikiwe kwamba baba mkubwa ana mafua tu, amalize mitihani, nami nikakataa, nikapeleka simu ya maandishi yenye ukweli wote, akafika kwa treni Ijumaa tarehe 6 Oktoba. Jumapili kaka aliuliza kama atainuka, sisi sote chumbani tukasema wiki haiishi atakuwa shambani, akamgeukia Leonia, naye akamwambia hapana, baba mkubwa, hutainuka. Tulikasirika sana, lakini kaka alishusha pumzi, akamshukuru, akaomba padre, akamkabidhi Nikolaus kamera, akaagana na shemeji kwa maneno ambayo ni yao wawili, akanywa uji wote. Alifariki jana, Jumatatu tarehe 9, saa nne asubuhi, uso umetulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi matangani, na wapiga picha wenzake mliofunga milango yenu leo.

Kaka, huku tunalia, sikufichi. Nenda ukapumzike kwa amani.