Mfungwa wa Chupa ya Misumari

Benchi lile limeegemea ukuta wa kinyozi, mguu wake mmoja umefungwa waya, na anayekaa upande huo hujifunza adabu. Hapo Soli, fundi viatu, hutandika gunia lake kila asubuhi, na birika la kahawa likishafika, watu husahau walikokuwa wakienda. Siku hiyo kahawa yenyewe ilisahauliwa. Pembeni mwa nyundo ya Soli ilisimama chupa ya kioo iliyowahi kutunza misumari, na ndani yake mlikuwa na mdudu. Mtaa mzima ulijua kilichokuwa kikimnyima usingizi mwanamume yule, maana mtaa wetu hauna pazia. Marehemu mkewe alimwachia kopo la mbegu za kunde, mbegu alizopewa na mama yake na kuzitunza msimu hadi msimu. Soli alizipanda zote nyuma ya nyumba, hakubakiza hata punje. Sasa vidukari, wale wadudu weusi wadogo kama ufuta ulioungua, walikuwa wamefunika mashina na maua yalikuwa yakidondoka. Kunde zile zisipozaa, basi mbegu ya marehemu ndiyo imekwisha.

— Huyu ndiye mama yao, alisema Soli akigonga kioo kwa ukucha. Mwoneni. Mweusi, madoa ya machungwa mgongoni, anatambaa kama mamba aliyepotea mto.

— Umejuaje ni mama? aliuliza Kinyozi, akikung'uta nywele kwenye shuka lake.

— Kila penye vidukari, yupo. Mtoto anakaa mbali na mama?

— Hapo umenena, bwana, akadakia Redio, mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Ua mama, watoto watatawanyika wenyewe.

— Si ndiyo nafanya! Kila jioni nawaokota hao mama, nawaponda kwa nyundo hii hii. Vidukari ndio kwanza wanajaa.

— Wanalipiza kisasi, alisema Redio.

— Maji ya sabuni je? Kinyozi aliuliza.

— Nilinyunyiza, mvua ikaosha.

— Ungerudia, ndugu yangu. Mimi kichwa cha mtu sikinyoi mara moja tu maisha yake yote.

Redio alisogea karibu, akashusha sauti ambayo hata hivyo ilivuka barabara.

— Ninyi mnazunguka tu. Yule jirani yako wa ukuta wa nyuma, si alimwomba marehemu shemeji zile mbegu, akanyimwa? Na msibani si aliziulizia tena kabla watu hawajafuta machozi? Basi anawafuga huyo! Anawalisha, wakishiba anakurushia ukutani.

— Acha kumsingizia mama wa watu, alisema Kinyozi. Jambo la ajabu ni hili. Soli, wiki jana uliwatia wawili humo, pamoja na kijiti kilichojaa vidukari. Vidukari wako wapi?

Soli akainua chupa. Kijiti kilikuwa cheupe, hakina hata mmoja.

— Kawaficha, alisema Redio.

— Wapi, na chupa ni tupu?

— Mdomoni! Kuna samaki wanaficha watoto mdomoni, huyu ashindwe kwa nini? Tazama alivyonenepa, kajaza ukoo mzima. Na yule mwenzake aliyejibandika kwenye kifuniko akakauka, huyo kafa kwa huzuni.

Kinyozi alicheka. Soli hakucheka. Alikuwa akimkumbuka mkewe kachuchumaa kwenye tuta, akifunua majani kwa chini, moja moja. Soli akiinua kidole kumbinya mdudu-kibibi, yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, alipigwa kofi la mkono. “Huyo askari wangu, mwache.” Wale wekundu hakuwagusa tena, hata sasa. Ila miaka yote ile hakuwahi kuuliza askari hao wanazaliwa wapi.

Mwanamke mmoja mgeni akafika, sandali mkononi, kamba imekatika.

— Hamjambo, kaka zangu? Naomba nishonewe hii. Na huyo mwekundu hapo juu, mmemfungia kosa gani?

— Mwekundu yupi, dada?

Chini ya kifuniko alikuwapo mdudu-kibibi, anang'aa kama ukucha uliotoka kupakwa rangi.

— Nani kamtia humo? aliuliza mgeni.

— Hakuna.

— Chupa ilikuwa wazi?

— Imefungwa tangu wiki jana.

— Kuna tundu hapo juu, alisema Redio.

— La sindano, Redio! Hata mguu wake haupiti vizuri.

— Basi, akasema mwanamke, kaingilia wapi?

Redio akalichungulia tundu kwa jicho moja.

Soli akafungua kifuniko, akakigeuza. Yule aliyekufa kwa huzuni alikuwa ganda tupu, limepasuka mgongoni kama shati lililombana mtu. Akatazama ganda. Akamtazama mdudu-kibibi, akamtazama mamba aliyenenepa, akatazama kijiti cheupe. Mwisho macho yake yakatua kwenye nyundo, na doa la manjano lililokaukia usoni pake.

— Hakuingia, alisema polepole. Alikuwamo, ndani ya ganda hili.

— Ina maana wale vidukari huyu mamba kawala, alisema Kinyozi.

— Na sandali yangu, fundi?

— Kesho, dada yangu, nisamehe. Vaa hivi vyangu uendee.

Akavua viatu vyake, akaikumbatia chupa kwa mikono miwili, akaondoka miguu mitupu.

— Mimi tangu mwanzo nilimwona ana sura ya askari, alisema Redio.

— Kunywa kahawa yako, mzee.

Kwenye tuta Soli akachuchumaa, akainamisha chupa penye shina lililojaa zaidi. Mdudu-kibibi akaruka, mamba akashuka taratibu, akashika kidukari wa kwanza aliyemkuta. Kisha Soli akaanza kufunua majani kwa chini, moja moja, akiwatafuta wenzake. Alifunua mengi bila kuona kitu. Kwenye jani lililogusa udongo akamkuta mamba mmoja, mdogo kuliko msumari wa kisigino, anakula. Akalirudisha jani polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.