Kadi ya Delegeti

Benchi letu la hapa Suna lina miguu minne, mmoja mfupi. Liko mbele ya kibanda cha Bhoke, muuza kahawa, na wenyewe tuko watatu: Nicodemus, tunayemwita Delegeti kwa kupenda chama chake kuliko usingizi, Joash fundi baiskeli, jina Spika, kwa kuwa hajui kunyamaza, na mimi Pasipoti, niliyefika Dubai na Lilongwe nikarudi na sanduku lilelile na tumbo jingine. Asubuhi hiyo alikuja Linet, mtafiti kutoka chuo kikuu, akitafuta mwanachama mmoja wa kweli wa chama cha siasa amhoji kwa kina. Delegeti alikuwa amevaa koti tayari.

— Umempata, binti yangu. Jina langu liingie kitabuni.

— Unajuaje wewe ni mwanachama, mzee? Linet akauliza.

— Si niko na fulana ya chama!

— Hata sanamu ya kufukuza ndege shambani kwangu iko nayo, Spika akadakia. Na ilivaa kabla yako. Ihojiwe kwanza.

— Mwanachama ni yule amekula, Bhoke akasema akimimina kahawa. Ukishameza pilau ya mkutano, umeingia.

— Basi mimi ni wa vyama sita, nikasema, na kimoja kiko Malawi.

— Omera, ndugu zangu, wacheni mchezo! Delegeti akafoka. Chama kiko kwa damu. Wanipime hospitali, wataona.

— Wataona malaria, Spika akamaliza.

Linet alicheka hadi akaweka kikombe chini.

— Hata sisi watafiti hatukubaliani. Wengine wanahesabu wenye kadi, wengine wanaofika mikutanoni, na majibu hayalingani. Kwa hivyo mimi nauliza yote. Kadi iko, mzee?

Delegeti alikohoa. Sote tukatazama chini. Kadi ilikuwa imekunjwa mara nne, chini ya ule mguu mfupi wa benchi, tangu mvua ya masika.

— Iko kazini, nikamtetea.

— Na mkutanoni ulienda lini mara ya mwisho? Linet akauliza.

— Hapo katikati niliugua mapafu. Nililala mpaka watu wakavuna mahindi.

— Pole sana, mzee. Na wa chama, nani alikuja kukuona?

Spika, aliyembeba kwa baiskeli hadi zahanati, akaanza kukagua ndara zake. Bhoke, aliyempelekea uji, akafuta kikombe kilichokuwa kikavu.

Delegeti akainama, akaichomoa kadi. Benchi likalala upande, kahawa ikanimwagikia surualini. Mzee aliigeuza kadi mbele na nyuma, polepole, kama anayetafuta uso wake.

— Binti, tafuta mwingine wa kitabu chako, akasema. Mimi niko hapa.

Akaikunja tena, akaisukuma chini ya mguu mfupi, akalijaribu benchi kwa kiganja.

— Kaeni basi. Sasa halitingishiki.