Mikono Miwili ya Mama Kokugonza

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Nyabiyonza, mlioko Ndama, nanyi wa Kyerwa mnaotusikiliza ndizi zikiwa jikoni, hamjambo. Leo tunamkumbuka Mama Kokugonza, mkulima wa Nyabiyonza, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sabini na mmoja.

Alijulikana kwa kahawa yake na kwa adabu. Mtoto aliyepokea kitu kwa mkono mmoja mbele yake alirudishwa mlangoni aanze upya. Na mambo yalimgeukia hapohapo kwenye adabu.

Miaka minne iliyopita bega lake la kulia lilianza kuuma. Bega la kulia, lile la kuvutia matawi ya mibuni. Kuinua mkono ikawa kazi. Kulilalia hawezi. Hakumwambia mtu. Binti yake, Benadeta, anasema: "Mama alikuwa mgumu. Ukimuuliza, yuko salama."

Ndipo Nikuze, jirani ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, akambatiza mwanawe Mahoro. Mama Kokugonza akaenda na kikapu cha kahawa za kutafuna. Kufika pale, mkono wa kulia ukagoma. Akakitoa kikapu kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto, wasikilizaji, mbele ya wageni wote.

Nikuze alikipokea. Moyoni akasema, "Kumbe kwake mimi bado ni mtu wa kuja." Mwaka mzima hawakusalimiana, na migomba yao inagusana majani.

Hilo lilimuuma Mama Kokugonza kuliko bega. Lakini kujieleza kulimtaka akiri kwamba mkono umemshinda, na kinywa kilikuwa kizito.

Asubuhi moja Nikuze akipita njiani alimwona uani akijifunga kitambaa kichwani. Mkono ulifika sikioni, ukaanguka. Akajaribu tena. Safari hii alilia. Nikuze akaingia bila hodi.

"Shikamoo mama. Hilo bega tangu lini?"

"Marahaba. Tangu kabla ya ubatizo wa Mahoro, mwanangu."

Nikuze alimfunga kitambaa, machozi yakimtoka na yeye.

Walikwenda hospitali pamoja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpima, akawaeleza: bega hushikiliwa na misuli minne midogo, na kano zake huchoka kwa kuinua mikono juu miaka na miaka. Hajalogwa. Aache matawi ya juu kwa muda. Lakini asiufunge mkono kifuani, usije ukakakamaa. Ainame, auache uning'inie, aubembeze taratibu. Baadaye apandishe vidole ukutani, kidogo kidogo.

Kila asubuhi Nikuze alikwenda kumhesabia mazoezi. Siku nyingine waligombana, maana mzee alitaka kuruka hesabu. Ilichukua miezi mitano.

Juzi, kwenye maziko, Nikuze alisimama akasema: "Mkono ulipopona, mama alikuja kwangu na kikapu kilekile. Akapiga magoti, mtu mzima vile, akanipa kwa mikono miwili. Nilimwambia, mama, inuka. Kosa ni langu, sikuuliza."

Benadeta, ndugu wote, na wewe Nikuze, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, bega likiuma wiki baada ya wiki tusilifiche, twende tukapimwe. Na jirani akikupa kitu kwa mkono wa kushoto, kabla hujanuna, muulize wa kulia una nini.