Mama Siku Mbaya wa Burat, Mtuma Salamu

Marehemu Peris Natabo Erot alizaliwa mwaka wa 1957 huko Gotu, Ngare Mara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ewesit na Mama Nakolong. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama vitambulisho vya karibu rika lake lote. Tumeiacha hivyo.

Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa shule kuchunga mbuzi. Mwaka wa 1994, akiwa mama wa watoto watatu, alijiunga na masomo ya ngumbaru hapa Burat akayamaliza. Mimi ninayesoma haya, mjukuu wake Lopeyok, nilianza diploma ya utangazaji na bado iko nusu. Kwa upande wa elimu basi, marehemu alinipita.

Tarehe 12 Aprili 1980 alifunga ndoa na Mzee Erot, aliyekuwa mlinzi katika soko la mifugo. Walijaliwa Linda, ambaye ni mamangu, Apua na Ewesit. Mzee Erot alituacha mwaka wa 2009.

Kuanzia 1988 hadi 2014 marehemu alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Siku moja githeri iliungua. Badala ya kujitetea, aligeuza sufuria tupu, akaipiga kwa mwiko na kuimba hadi watoto wakacheza, kisha wakala ile iliyoungua na kuomba nyongeza. Mwalimu mkuu alimwandikia barua ya onyo. Aliitunza pamoja na cheti cha ngumbaru.

Baada ya kustaafu alianza kutuma kadi za salamu kwa redio ya hapa mjini, akijiita Mama Siku Mbaya wa Burat. Watuma salamu wengine husalimu machifu na mashemeji. Yeye alisalimu mtu aliyeharibikiwa na siku tu. Alizunguka sokoni asubuhi akiuliza, “Leo ni nani amepatikana?” Kisha aliandika jina la huyo mtu na kumchagulia wimbo. Wimbo wa huzuni hakuutaka kabisa. Alisema, “Mtu akiwa na shida usimpelekee wimbo wa shida. Tayari ako na yake.”

Ukame wa 2022 ulipommalizia jirani yake Mama Abiba mbuzi waliobaki kwao Garbatulla, marehemu alimtumia wimbo wa Kiturkana wa kurukaruka. Mama Abiba anasimulia: “Nilikuwa nalia, halafu nasikia jina yangu kwa redio na watu wanaruka. Nikasema, wallahi huyu mwanamke ana wazimu. Nikacheka mpaka nikapika chai.”

Sehemu inayofuata haikuwa katika karatasi ambayo wajomba walipitisha. Nimeiongeza.

Mwezi Machi 2023 nilikuwa mwanafunzi wa mazoezi katika redio hiyo. Kadi yake ilinifikia, nikaisoma hewani nikiigiza sauti yake. Nikauliza wasikilizaji kama Burat hakuna kazi nyingine isipokuwa kuzunguka ukihesabu machozi ya watu. Studio ilicheka. Kufika mchana, watu wa boda walikuwa wanamwita Mama Machozi. Jioni Mjomba Ewesit akaniambia, “Hebu rudia ile sauti ya mama.” Nikarudia, sote tukacheka, na Nyanya mwenyewe alikuwa pale pale akipakua ugali. Aliniwekea nyama kabla ya wengine. Hakutuma kadi tena.

Agosti 2024 figo zilianza kukataa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mimi ndiye niliyempeleka. Huko wodini aliendelea na kazi yake, akiwachagulia wagonjwa nyimbo kwa simu yangu. Siku moja nilijikaza, nikaanza, “Nyanya, ile siku ya redio…”

“Lopeyok, hiyo tutaongea,” akasema. “Saa hii mtafutie Mzee Shire hapo kitandani wimbo wa kucheza na mabega. Hii mashine imemchosha.”

Nikamtafutia. Mzee Shire akatikisa bega moja, lile ambalo halikuwa na mpira wa mashine. Mimi nikafurahi kwamba nimeponea, na sikuyaanzisha tena maneno hayo. Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 68.

Juzi, tukipanga mazishi, Mama Abiba alituuliza swali. “Miaka yote hiyo ametumia watu salamu. Nyinyi watu wa nyumba hii, ni nani alimtumia yeye?” Mjomba Apua akasema labda Linda. Mamangu akasema alidhani ni Ewesit. Hakuna. Hata kadi moja.

Kwa hiyo majina ya aliowaacha tumeyaandika kwa kadi, vile yeye alivyoandika:

Salamu hizi zimwendee Peris Natabo Erot, Mama Siku Mbaya wa Burat. Zinatoka kwa wanawe Linda, Apua na Ewesit. Wajukuu wake wanane, nikiwemo mimi. Dadake Kinanu aliye Gotu. Na Mama Abiba, ambaye ni wa nyumba hii kutushinda. Ujumbe: Nyanya, nilikukosea mbele ya watu, nakuomba msamaha mbele ya watu. Na sisi wote tulichelewa. Wimbo umechaguliwa na Mama Abiba, ule wa kurukaruka. Wazee wa kanisa wameruhusu huo mmoja tu.

Pumzika sasa, Nyanya, kwa amani yake Mungu. Wenye magoti mazuri wasimame.