Kaviha Katana, Aliyewasomea Watu wa Chaani

Marehemu Kaviha Katana Masha alizaliwa Kaloleni mwaka 1909, mtoto wa tatu wa Mzee Katana Masha. Alisoma shule ya misheni kwa miaka minne tu, lakini mapenzi ya kusoma yalimkaa maisha yake yote.

Mwaka 1931 alimwoa Dorcas. Kabla ya posa alimwandikia barua, akasahau kwamba Dorcas hajui kusoma, ikambidi aende mwenyewe kumsomea. "Soma tena," Dorcas akamwambia, naye akasoma mara tatu. Walijaliwa binti mmoja, Nyamvula.

Walihamia Chaani, akapata kazi katika kiwanda cha mbao huko Changamwe. Kila Jumamosi alasiri majirani walikusanyika uani kwake, akawasomea gazeti kuanzia juu mpaka chini. Hakuruka mstari, hata wa tangazo la sabuni.

Tarehe 10 Agosti 1943 gogo lilimvunja mguu. Gazeti liliandika: "Bwana Kaviha Katana, mfanyakazi hodari, ni mgonjwa. Tumwombee." Majirani walimletea unga, nazi na kuku, na mguu ukapona. Kipande kile cha gazeti alikiweka ndani ya Biblia.

Mwezi Machi 1948 aliugua akili. Alikaa majuma mawili bila usingizi, kisha akasimama kisimani akilia na kujibizana na watu wasioonekana. Hakumgusa mtu. Alipelekwa hospitali, akarudi tarehe 6 Septemba, amekonda lakini ametulia.

Jumamosi ya juma lile jirani yake Justus alinunua gazeti, akaja nalo mbio. "Tumekukosa sana, Mwalimu. Tusomee kama zamani." Justus hakujua kusoma, wala waliokaa naye hawakujua, kwa hiyo hakuna aliyefahamu alichokileta. Kaviha akalifungua, akasoma: "Mwendawazimu wa Chaani amerudi. Wazazi wawafungie watoto wao."

"Baba Nyamvula, liwache hilo," Dorcas akasema.

"Nimalize kwanza. Sijaruka mstari mimi." Akamaliza, akalikunja vizuri. "Mguu ulipovunjika nilikuwa Bwana Kaviha. Sasa hata jina sina."

Majirani wakainuka mmoja mmoja, wakaenda zao, na hilo linauma mpaka leo. Justus hakurudi. Watoto waliitwa ndani alipopita, kiwanda kikamkataa, naye hakushika gazeti tena. Januari alipopata kichomi hapakuja hata kibaba cha unga. Alifariki tarehe 2 Februari 1949, mkono wake ukiwa mkononi mwa Dorcas, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Ameacha mjane wake Dorcas, ndugu zake Kalama na Kazungu, na binti yake Nyamvula, aliyefundishwa naye kusoma na ndiye anayewasomea wasifu huu hapa kaburini. Familia haina neno la faraja la kuwapa. Jumamosi gazeti likija, Nyamvula hatawasomea, basi sikieni hapa: alikuwa mgonjwa, na jina lake ni Kaviha Katana Masha. Alale salama kwa jina hilo.